Mkono wa Kushoto wa Mwalimu

Ukuta unaotenganisha chumba changu na chumba cha Mwalimu ni wa matofali, lakini aliyeujenga alikuwa mwizi wa saruji, kwa hiyo kila kinachosemwa upande ule hunifikia nikiwa kwenye cherehani. Sijitetei. Mtu anayeshona nyumbani kutwa nzima hana njia ya kuziba masikio, na hata ningekuwa nayo nisingeitumia.

Mwalimu hakuwahi kufundisha darasani. Jina alilipata kwenye kwaya ya kanisa letu, aliyoiongoza tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii mpaka zikawa nyeupe. Alikuwa mkali, mama yule. Mazoezi yalikuwa Alhamisi jioni, na ukichelewa hakusema neno. Alikutazama tu, ukatamani ardhi ipasuke uingie. Waimbaji wakianza kulegea kwa kuwa viti ni vitupu na hakuna wa kuwasikiliza, aligonga meza akawaambia, "Jumapili mtasikiwa na watu. Leo anayewasikia ni Mungu peke yake. Haya, imbeni." Nilikuwa sauti ya pili wakati ule, kabla koo halijaniharibikia, na sijawahi kuimba vizuri kama nilivyoimba Alhamisi zile.

Kisha kiharusi kikamwangusha jikoni, sufuria mkononi. Upande wa kulia ukafa. Maneno yakaondoka yote, hata jina la mwanawe hakuweza kulitamka. Akabakiwa na mkono wa kushoto na macho, na macho yaliendelea kuwa makali vilevile.

Aliyemuuguza ni mke wa mwanawe. Mtaani tunamwita Kimya, maana unaweza kukaa naye asubuhi nzima mnachambua mchele ukaondoka na maneno matatu. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, leo yuko hapa, kesho yuko mpakani anasubiri mihuri, kwa hiyo nyumba ilibaki kwa Kimya na mamamkwe wake. Mwalimu alirudi kutoka hospitali akiwa na kidonda cha kulalia, pale chini ya kiuno ambapo mfupa unakaribia ngozi. Ungeweza kuweka yai ndani yake likakaa. Mimi nilikiona mara moja nikatoka nje kushika ukuta. Kimya hakutoka.

Muuguzi wa zahanati alimwelekeza mara moja tu. Unakunja shuka chini ya mgonjwa, unavuta shuka, humvuti mtu. Mto mmoja kati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo, visigino visiguse godoro. Baada ya muda unamgeuza upande wa pili, na tena, na tena, usiku na mchana. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa siku nyingi, basi Kimya akaweka redio ndogo dirishani. Redio ikisoma habari, Mwalimu anageuzwa. Na kama habari zimechelewa na maumivu yamewahi, Mwalimu mwenyewe aligonga chuma cha kitanda kwa pete yake ya ndoa: ko, ko, ko, anapumzika, ko, ko, ko, anapumzika. Nilizoea kuisikia nikikanyaga cherehani. Hazikupita pumzi mbili bila kusikia ndala za Kimya zikikimbilia kule, na sauti yake ndogo: "Nimekuja, mama."

Kidonda kikaanza kufunga. Kidogo kidogo, kwa maji ya chumvi na chachi na subira ambayo mimi sina, kikapungua mpaka kikawa na ukubwa wa ukucha, na ngozi mpya juu yake, nyembamba, ya rangi ya waridi. Siku aliponiita nione, Kimya alitabasamu. Lilikuwa tukio.

Wakati huohuo kanisani Kimya, ambaye naye aliimba kwaya, alikuwa ameondolewa, kwa kuwa haji mazoezi. Wakasema amepoa kiroho. Nilimwuliza kama hilo halimuumi. Alikuwa anafua mashuka, akakamua moja mpaka tone la mwisho ndipo akajibu.

"Mama alisema Alhamisi anasikia Mungu peke yake," akasema. "Basi mimi kila siku yangu ni Alhamisi."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyapata kwake kwa mpigo mmoja.

Sasa niseme habari za wifi yake, na nitajitahidi kutotia chumvi. Ni binti wa kwanza wa Mwalimu, anaishi upande mwingine wa mji, na kanisani ni shemasi, kwa hiyo kila mtu anamwita Shemasi, hata mumewe. Kila Jumamosi alikuja na akina mama wa maombi. Walisimama kuzunguka kitanda, naye akasimama mlangoni, macho ameyafumba, sauti juu, jasho linamtiririka. Alimpenda mama yake. Hilo halina ubishi. Lakini kumtazama hakuweza. Kimya akimwambia, "Wifi, nishikie shuka hapa," yeye hurudi nyuma.

"Wewe Mungu amekupa mikono ya kazi hizo," alimjibu siku moja. "Mimi amenipa magoti."

Niliuma uzi kwa meno ili nisijibu kupitia ukutani.

Jumamosi moja akaja peke yake, na furaha tele. Mchungaji amekubali, Jumapili ijayo itakuwa ibada ya shukrani. Mwalimu atapelekwa kanisani kwenye kiti cha magurudumu, atakaa mbele, watu waone Mungu alivyotenda. Nguo nyeupe ashone Fundi. Fundi ni mimi.

"Wifi, kukaa hawezi," Kimya akasema. "Kidonda ndiyo kwanza kimefunga."

"Si ndiyo ushuhuda wenyewe? Kimefunga! Nani amekifunga?"

Nikasikia Kimya akikung'uta shuka.

"Nakuuliza wewe. Nani amekifunga?"

"Mungu, wifi."

"Basi. Aliyekifunga atashindwa kukilinda ndani ya nyumba yake mwenyewe?"

Nikasimamisha cherehani. Kimya akampigia mumewe, na kwa kuwa simu zetu zote ni za kupaza sauti nikamsikia na yeye, kutoka huko barabarani: "Mwache dada, mke wangu. Mama ni wake pia." Hapo Kimya akakosa pa kushika. Akabaki kuomba mambo machache. Asikae muda mrefu, wimbo mmoja, sala moja, arudishwe. Kila baada ya kitambo ainamishwe upande huu, kisha ule. Na akalie mto ambao Kimya aliukata mwenyewe kutoka kwenye sponji la godoro, wenye tundu katikati, ili pale penye ngozi mpya pasiguse kitu. Na akigonga, basi ageuzwe mara moja.

"Nimekusikia, wifi," Shemasi akasema. "Mimi si mtoto. Wewe baki, upike. Wageni watakuja kula hapa baada ya ibada."

Nguo niliishona kwa moyo wote. Niliiacha wazi ubavuni, ifungwe kwa kamba za kitambaa, bila zipu wala kifungo mgongoni. Jumapili asubuhi gari lilikuja, wakampakia Mwalimu akiwa amependeza mpaka nikasahau hasira zangu. Kimya aliukung'uta ule mto, akauweka chini yake, akamsawazisha. Alisimama barabarani mpaka gari likakata kona.

Nikabaki naye kumsaidia kupika. Masufuria mawili nje, la wali na la nyama. Kimya alikoroga asichokiona, kila saa anatazama barabara. Habari zikasomwa redioni. Akaangalia kitanda kitupu, akarudi kwenye sufuria. Habari zikasomwa tena.

"Wimbo mmoja gani huu?" akauliza.

"Unawajua watu wa kanisa letu," nikamwambia. "Wakishika kipaza sauti, mpaka umeme ukatike."

Hakucheka. Ndipo simu yangu ikalia. Ilikuwa video kwenye kundi la kanisa, imetumwa na dada mmoja wa kwaya, na chini yake ameandika: *Mwalimu anaongoza tena! Bwana asifiwe!* Nikaifungua. Mwalimu yuko mbele kabisa, ameketi wima, mweupe pe ndani ya nguo niliyomshonea, na mkono wake wa kushoto unapiga mapigo juu ya chuma cha kiti. Kwaya nzima imemkazia macho mkono ule. Akipiga, wanaimba, akiharakisha, wanaharakisha. Machozi yanawatiririka. Nyuma yao watu wote wamesimama wanapiga makofi, na Shemasi amepiga magoti pembeni ya kiti, mikono juu, macho amefumba. Na mimi nililia. Nani asingelia? Nilimwona Mwalimu wa zamani, mbele ya meza yake.

Nikamwonyesha Kimya. Akatazama akiwa na mwiko mkononi.

"Rudisha mwanzo."

Nikarudisha. Akaichukua simu akaiweka sikioni, akasikiliza hivyo, bila kutazama.

"Fundi, haongozi. Anagonga."

"Anaongoza, mama. Tazama mkono."

"Anagonga! Na mto hawakumwekea. Tazama alivyozama kwenye kiti."

Akanirudishia simu, na safari hii nikaisikia chini ya nyimbo na vigelegele. Ko, ko, ko, anapumzika. Ko, ko, ko, anapumzika. Ile ile ya ukutani. Kimya alikuwa ameshaanza kukimbia.

Tuliacha masufuria motoni. Nyama iliungua, na iungue. Mimi na miguu yangu hii ya kukanyaga cherehani nilimfuata nikihema, na kanisa si mbali, lakini siku hiyo njia iligoma kuisha. Mlangoni mzee wa kanisa akamzuia Kimya kwa mkono, akimtazama aproni yenye masizi na ndala.

"Dada, subiri wimbo uishe."

Akampita chini ya mkono. Akashuka katikati ya viti, mwanamke ambaye jina lake ni Kimya, akapiga ukelele ambao sikujua kama unaweza kutoka kwake: "Acheni! Acheni kuimba!"

Kinanda kikanyamaza kwanza. Sauti zikakatika moja baada ya nyingine, wakabaki wanatazamana. Na katika ule ukimya pete iliendelea kugonga chuma bila wimbo wowote. Ko, ko, ko. Uso wa Mwalimu ulikuwa umelowa. Wote walidhani ni machozi ya furaha. Lilikuwa jasho.

"Amina," akasema Mchungaji, maana hakujua aseme nini.

"Unafanya nini wewe?" Shemasi akafumbua macho. "Unanitia aibu mbele za Mungu!"

Kimya akamwinamia Mwalimu. "Fundi, shika miguu." Tulimwinua, tukamlaza kwa ubavu kwenye benchi la mbele, na alipoegemea tu ule mkono ukaacha kugonga, ukaning'inia. Nyuma ya nguo niliyoishona palikuwa na damu, duara la ukubwa wa sahani, na nyingine imeshuka hadi kwenye pindo. Kimya alivua kitambaa cha kichwani kwake haraka akaifunika, ili watu wasimwone Mwalimu hivyo. Hakuna aliyeona isipokuwa sisi wawili na Shemasi, ambaye macho yake, kwa mara ya kwanza, yalikuwa wazi.

Mto tuliukuta ndani ya gari. Ulikuwa unamkalisha upande, Shemasi alisema, na picha zingetoka vibaya.

Sitaeleza mengi ya majuma yaliyofuata. Kidonda kilirudi kikubwa kuliko mwanzo, kikafika mfupani. Homa ikapanda. Hospitali walimtundikia dripu, wakakata nyama iliyooza, wakajaribu, mwishowe daktari akaiita familia pembeni akasema uchafu umeingia kwenye damu na mwili umechoka. Wakamrudisha nyumbani kwenye kitanda chake cha chuma.

Shemasi akahamia. Alikuja na begi moja, akasimama palepale mlangoni alipozoea, akafumba macho. Nilikuwa ndani, nimeshika beseni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, maneno ya kumkata maini, nimeyanoa siku nyingi. Nilisubiri Kimya aanze.

Redio ikaanza kusoma habari.

"Wifi," Kimya akasema, "njoo ushike shuka."

"Ngoja niombe kwanza."

"Omba ukiwa umeshika."

Akaja. Tulipomgeuza mama yake na Kimya akaondoa chachi, Shemasi akaona. Ilimtoka sauti ambayo sitaki kuisikia tena, akashika ukingo wa kitanda. Nikasema moyoni, sasa mpe, Kimya, mpe zote. Kimya akamtazama. Alikuwa amechoka sana, macho yamezama.

"Vuta shuka, wifi," akasema. "Usimvute mama."

Basi, ni hayo tu. Hasira zangu zote nikabaki nazo mwenyewe, sina pa kuzitua.

Tangu siku hiyo walimgeuza wawili. Shemasi alikuwa mzito wa mikono, mwanzoni alisahau mto wa magotini, akalowesha godoro kwa maji ya chumvi. Lakini hakurudi tena mlangoni. Sala zake nilizisikia kupitia ukuta, zimekuwa fupi, sauti chini, zinakatizwa na "nyanyua kidogo" na "hapo, hapo." Alasiri moja Kimya alikuwa uani anaanika, pete ikagonga chuma. Mimi mwenyewe nilisimama niende. Nilipofika Shemasi alikuwa ameshainuka kutoka kwenye usingizi wa kitini, nusu amejikwaa. Mwalimu akamtazama. Alimtazama vile alivyotutazama sisi tukichelewa mazoezi. Shemasi akainamisha kichwa, akakunja shuka, akaanza kuvuta.

Mwalimu alikufa mchana, kati ya habari na habari. Hakugonga. Kimya alikuja na mito mikononi, tayari kumgeuza, akamkuta.

Mazishi yalijaa watu. Kwaya ilivaa sare. Mumewe Kimya alikuwa amefika na vumbi la barabara, amesimama kando ya mkewe bila kumwangalia usoni. Mchungaji alihubiri vizuri, sina ugomvi na hilo, mpaka alipofika pale.

"Nani kati yetu atasahau Jumapili ile?" akasema. "Bila sauti, bila mguu, mtumishi huyu aliiongoza kwaya yake kwa mkono mmoja! Mpaka mwisho alimsifu Bwana!"

Watu wakaitikia amina kwa nguvu, wengine wakilia. Ile video walikuwa wameituma mpaka makanisa ya mbali. Kimya alitazama chini. Nikajua hatasema, si leo, si milele, nami nikafungua mdomo wangu usio na breki. Lakini Shemasi alinitangulia.

"Hakuwa anaongoza," akasema.

Mchungaji akadhani ni uchungu wa msiba. Akamgusa bega. Shemasi akautoa mkono wake taratibu.

"Mama hakuwa anaongoza kwaya. Alikuwa anaomba ageuzwe. Aliomba wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, na kidonda kinachanika, na mimi nilikuwa nimepiga magoti hapo hapo ubavuni pake nimefumba macho, namsifu Mungu. Nyote mlikuwa mnamtazama. Kanisa zima halikumwelewa." Akageuka akamtafuta Kimya. "Aliyemwelewa tulimwacha nyumbani atupikie. Na nyinyi mlimtoa kwaya."

"Bwana asifiwe," Mchungaji akasema, kwa mazoea tu, maskini, ulimi ulijiendea.

Hakuna aliyeitikia. Kiongozi mpya wa kwaya alikuwa ameinua mkono kuanzisha wimbo, akaushusha. Wakamteremsha Mwalimu bila kuimbiwa, yeye, kati ya watu wote. Tulisikia kamba zikisuguana na mbao, kisha udongo. Nilidhani ningefurahi kumsikia Shemasi akisema yale, na sikufurahi hata kidogo. Nilitamani tu mtu aanze wimbo, na hakuna aliyeanza.

Siku ya pili baada ya mazishi waombolezaji walikuwa wamepungua. Tulikaa sebuleni, mimi, Kimya na Shemasi, tunakunja mashuka ya Mwalimu yaliyokuwa yamekauka. Shemasi alisema atarudi kwake kesho. Kimya akasema sawa. Nikaanza kuwasimulia kichekesho cha mteja wangu mmoja aliyenenepa kabla nguo haijaisha, ili tu pasiwe kimya, na Shemasi alikuwa karibu kutabasamu.

Kule chumbani, dirishani, redio ikaanza kusoma habari.

Wote wawili wakasimama.